Profesa wa sheria, Mwislamu wa swala tano, anayesema dola isiguse sharia: tumjadili Abdullahi An-Na'im

Msomi wa Jioni

Wakuu, habari za jioni.

Kila ukifika msimu wa kudai Katiba mpya, lazima uibuke ubishi wa Mahakama ya Kadhi. Huyu anasema Wakristo wanapendelewa, yule anasema Waislamu wanataka kuigeuza nchi, tunarushiana maneno, uzi unafungwa. Leo naleta mtu mmoja ambaye ameifanya mada hii kuwa kazi ya maisha yake, na ambaye hakuisoma vitabuni tu, ilimfuata mpaka gerezani.

Abdullahi Ahmed An-Na'im. Msudani, kazaliwa 1946. Sheria kasoma Chuo Kikuu cha Khartoum, akapita Cambridge, udaktari akauchukulia Edinburgh mwaka 1976, akarudi kwao kufundisha. Baadaye aliongoza kitengo cha Afrika cha Human Rights Watch, na tangu 1995 akawa Emory, Atlanta, chuo kilichoanzishwa na Wamethodisti. Hapo ndipo alipoufanyia ualimu wake mpaka kustaafu.

Hoja yake nitaieleza kwa maneno yangu. Mwislamu huyu anasema anaihitaji dola isiyofungamana na dini ili aweze kuwa Mwislamu. Ibada bila nia si ibada. Ukifunga Ramadhani kwa kumwogopa polisi, umeshinda na njaa tu. Sheria ya Mungu ikishapitishwa bungeni, ikasainiwa na rais na kukabidhiwa kwa askari, haibaki tena sheria ya Mungu, inakuwa sheria ya serikali kama ile ya leseni za magari. Na atakayeamua ipi ndiyo sahihi kati ya kauli za maimamu Shafii, Malik, Abu Hanifa na wengine ni karani wa wizara au mbunge wa chama kinachotawala.

Hapo wengi humkatia maneno na kusema "kumbe ni wale wanaotaka dini ibaki chumbani". Hapana. Anatenganisha dola na dini, lakini dini na siasa hazitenganishi. Muumini apige kura kwa imani yake, agombee, aandamane, aanzishe chama. Sharti lake moja: unapotaka jambo liwe sheria ya kumbana kila mtu, lete hoja ambayo hata asiye wa dini yako anaweza kuipima, kuikubali au kuikataa bila kuambiwa amekufuru.

Nimejiuliza, je, hili linatufaa sisi huku? Karibuni. Matusi hapana.

Jogoo la Shamba

Mkuu nimesoma mpaka Edinburgh pumzi ikakata. Nisubiri nichaji simu.

Abuu Swafiya

Mleta mada, nakushukuru kwa kuandika kwa adabu, na mimi nitajibu kwa adabu.

Huyo profesa wako tunamfahamu. Ni mwanafunzi wa Mahmoud Mohamed Taha, na hilo umeliruka. Taha alifundisha kwamba aya za Makka ndizo ujumbe wa kudumu, na hukumu nyingi zilizoteremka Madina zilikuwa za watu wa karne ya saba, kwa hiyo sasa zipishe. Hakuna madhehebu hata moja iliyowahi kusema hivyo. Mahakama ya sharia ya Khartoum ilimtamkia kuritadi, yaani kuutoka Uislamu, tangu 1968. Kisha mwanafunzi wake anahamia Marekani na kutufundisha tuitenge sharia na dola. Unategemea tumpigie makofi?

Na hili la "dola isiyo na upande" ni hadithi. Hakuna dola isiyo na upande. Jumapili ofisi za serikali zimefungwa, Ijumaa mchana Mwislamu anaomba ruhusa kwa bosi. Huo si upande?

Msomi wa Jioni

Abuu Swafiya, sikuliruka, nililiweka akiba. Kuna mtu humu najua ameishi Khartoum. @Mla Fuul, uko wapi?

Mla Fuul

Nipo, nilikuwa nasoma kimya kimya.

Nimesoma Khartoum, Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, miaka ya nyuma kabla ya vita hii. Waafrika Mashariki tulikuwa wengi, Kiswahili kilikuwa kinasikika bwenini kama uko Tanga. Asubuhi ni fuul, yaani maharage, kwa mkate na mafuta ya ufuta, ndiyo maana ya jina langu. Ukilitaja jina la Taha mezani, mmoja anashusha sauti, mwingine anaipandisha. Hakuna anayebaki vile vile.

Mambo yalikwendaje? Nimeiri alishika nchi kwa mapinduzi ya Mei 1969 akiwa mjamaa. Kufika Septemba 1983 amegeuka, anatangaza sheria za kiislamu, kukata mikono na viboko. Taha na wafuasi wake, Ndugu wa Jamhuri, walikuwa wameshakamatwa mwaka huo huo. An-Na'im alikuwa mhadhiri wa sheria, naye akawekwa ndani pamoja nao. Karibu mwaka mmoja na nusu, bila mashtaka. Mwalimu wa sheria anakaa gerezani bila kusomewa kosa, hebu lifikirieni hilo.

Wakaachiwa Desemba 1984. Tarehe 25 ya mwezi huo huo wakasambaza karatasi moja. Walitaka sheria za Septemba zifutwe kwa sababu zinaupaka Uislamu matope na kuwadhalilisha watu, na vita ya kusini imalizwe kwa mazungumzo. Karatasi moja tu.

Tarehe 5 Januari 1985 mzee anakamatwa. Tarehe 7 anafikishwa mahakamani, anakataa kuitambua mahakama yenyewe, anawaambia majaji kwamba hawana ujuzi wala ubavu wa kuikatalia serikali. Tarehe 8 hukumu ya kifo, yeye na wafuasi wanne. Tarehe 15 mahakama ya rufaa inaibariki. Tarehe 17 Nimeiri anatia saini. Tarehe 18, siku ya Ijumaa, ananyongwa gereza la Kober hadharani, ana miaka sabini na kitu. Mwili ukachukuliwa kwa helikopta, ukazikwa pasipojulikana. Wale wanne walitubishwa na kuonyeshwa kwenye televisheni, ndipo wakaachiwa.

Hata miezi mitatu haikutimia, tarehe 6 Aprili Nimeiri akang'oka.

Wakili wa Kitaa

Nakazia kwa Mla Fuul, kuna kipengele cha kisheria hapo kinachonisisimua mpaka leo, na An-Na'im alikiandikia makala mwaka uliofuata.

Wale watu hawakushtakiwa kwa kuritadi. Walishtakiwa kwa uchochezi na makosa dhidi ya dola. Neno "kuritadi" limeingia kwenye rufaa! Mahakama ya rufaa, ambayo kazi yake ni kupitia kilichoamuliwa chini, ikaongeza kosa ambalo mshtakiwa hakusomewa, hakulijibu, na halikuwemo kwenye kanuni ya adhabu ya nchi. Na kati ya ushahidi walioutegemea ni ile hukumu ya 1968 aliyoitaja Abuu Swafiya.

Mwaka 1968 mahakama ya sharia ya Khartoum ilikuwa na mamlaka ya ndoa, talaka na mirathi tu. Ikatamka "huyu kafiri", Taha akaipuuza, akaendelea kuhutubia na kuchapisha vitabu kwa miaka zaidi ya kumi na tano. Maneno yale yale, mtu yule yule. 1985 maneno yale yamepewa kitanzi. Elimu ya masheikh kuhusu Taha haikuongezeka katikati hapo, kilichobadilika ni nani ameishika hukumu ile. Nimeiri alikuwa na vita kusini, uchumi umeanguka, anahitaji kuogopwa.

Binti yake, Asma Mahmoud, akafungua kesi ya kikatiba. Novemba 1986 Mahakama ya Juu ya Sudan ikaibatilisha hukumu yote. Baba alikuwa keshazikwa.

Abuu Swafiya

Wakili, kuuawa kwa dhulma hakumfanyi mtu kuwa sahihi kielimu. Mimi sijamtetea Nimeiri na sitamtetea. Alikuwa dikteta aliyejifunika kanzu. Lakini hoja ya An-Na'im inasimama juu ya mfano mbovu. Ni kama kusema kwa kuwa daktari mmoja aliua mgonjwa, hospitali zote zifungwe.

Wakili wa Kitaa

Sheikh wangu, angekuwa daktari mmoja ningekuelewa. Nimeiri kaondoka, mwaka 1991 serikali ya Omar al-Bashir ikaliandika kosa la kuritadi kwenye sheria rasmi, kifungu cha 126. Mwaka 2014 mahakama ya Khartoum ikamhukumu kifo Meriam Ibrahim, mwanamke mjamzito aliyelelewa na mama Mkristo, kwa sababu baba yake alikuwa Mwislamu. Akajifungua akiwa gerezani. Dunia ikapiga kelele, rufaa ikamwachia. Kifungu kilikuja kufutwa Julai 2020 na serikali ya mpito. Hao ni watawala wawili tofauti, na kila mmoja alipokishika kisu alikikuta kina makali.

Jogoo la Shamba

Simu imejaa, nimerudi. Sasa swali la mtoto wa darasa la nne: huyu profesa akija Tanzania, Mahakama ya Kadhi anaitaka au haitaki? Jibuni hilo, mengine ni mapambo.

Msomi wa Jioni

Jogoo leo umeuliza la maana.

Kwa mantiki yake haitaki iwe chombo cha dola. Mwislamu kwenda kwa sheikh wake akapatanishwa, akagawiwa mirathi kwa ridhaa ya wote, hilo hana tatizo nalo. Tatizo linaanza pale kadhi anapokuwa mwajiriwa wa serikali na hukumu yake kutekelezwa na dalali wa mahakama. Hapo, kwa maoni yake, unayeitii ni serikali, na serikali imejipa kazi ya kuchagua sharia ipi ni sharia.

Bara tulishaipitia hii. Makadhi waliondolewa kwenye mfumo wa mahakama mwaka 1963, Sheria ya Ndoa ya 1971 ikaweka paa moja juu ya wote, kisha 2005 Mahakama ya Kadhi ikatajwa kwenye ilani ya uchaguzi ya CCM, 2015 muswada wake ukafika bungeni na kuondolewa kabla ya kupigiwa kura.

Mtoto wa Mvita

Ndugu zangu wa Bara mwaizungumza Mahakama ya Kadhi kana kwamba ni jini. Mie nna kibanda cha kuchapa hati hapa Mombasa, si mbali na mahakama, basi hawa watu nawaona kila uchao.

Anayekuja ni nani? Ni mwanamke. Mume keshaoa kwengine, au yuko Ghuba na hatumi kitu. Mama akaa kwenye kistuli changu, mtoto mgongoni, anifungulia simu anionyeshe ujumbe wa M-Pesa: hii ya Machi, hii ya Aprili, hii ya Mei nusu, Juni hakuna. Namchapia madai ya matunzo ya watoto, twabandika zile jumbe zilizopigwa chapa kuwa ndio ushahidi. Aingia mbele ya kadhi asema kwa Kiswahili chake, hakatwi maneno, mara nyingi hata wakili hana. Ukimwambia huyu mama kwamba kuna profesa Atlanta asema sharia ikishikwa na dola huwa si sharia, atakuuliza: na mume wangu atalipa akiogopa nani?

Kwetu jambo hili lina asili yake. Ukanda wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu Shamte wa Zanzibar waliandikiana barua kwamba pwani iwe Kenya na makadhi wabaki. Mei 2010 Mahakama Kuu Nairobi ikaamua kuwaweka makadhi kwenye katiba ni kuipendelea dini moja. Agosti hiyo hiyo wananchi wakaipitisha katiba mpya, na makadhi wamo, ibara ya 170: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, wote wawe Waislamu na wote wakubali kuhukumiwa hapo. Hilo la kukubali mulisome mara mbili.

Bint wa Mwembetanga

Mtoto wa Mvita umesema kweli tupu, huku Unguja hali ni hiyo hiyo. Lakini nami nina langu.

Zamani za Waingereza tulikuwa na kadhi wa Kisunni na kadhi wa Kiibadhi, kwa kuwa Sultani na jamaa zake ni Ibadhi na raia wengi Shafii. Leo hukumu inakwenda Kishafii. Nani aliamua? Hakuna aliyekaa akashindana kwa elimu. Mapinduzi yalipita, waliobaki wengi ni Shafii, basi. Sisemi ni vibaya, mimi mwenyewe Shafii. Ila nikisoma hoja ya profesa kwamba dola ndiyo itakayochagua madhehebu, namwona anaizungumzia Zanzibar bila ya kuitaja.

Na mwanamke anaposhindwa mbele ya kadhi, huambiwa ni hukumu ya Mungu. Mbele ya hakimu angeambiwa ni hukumu ya hakimu, akata rufaa bila ya kuonekana kaasi. Hiyo tofauti wanaume hamuioni.

Mtoto wa Mvita

Bint, hapo umenifunga. Rufaa huku zipo, zaenda Mahakama Kuu, lakini ni kweli majirani watasema.

Mzee Kanisani

Mimi ni mchungaji mstaafu, nyanda za juu kusini. Nimefurahi kukuta watu wazima wanaongea.

Niseme wazi, Wakristo wengi tulipinga Kadhi kwa woga na si kwa hoja. Tuliona muswada tukasikia Sudan. Lakini huyu profesa, kama nimemwelewa, anatupiga na sisi pia. Kama dola haina dini, basi mbunge Mkristo asisimame kusema "Biblia imekataza, kwa hiyo iwe jela". Alete sababu inayoeleweka na Mwislamu na asiye na dini. Wenzangu wengi madhabahuni hawatalipenda hilo.

Abuu Swafiya

Mchungaji, Mungu akubariki kwa ukweli wako. Sasa nisaidie hili. Mwaka 1992 serikali isiyo na dini ilitia saini makubaliano na CCT, yaani Jumuiya ya Kikristo, pamoja na Baraza la Maaskofu Katoliki kuhusu shule na hospitali za makanisa. Kodi ya Mwislamu wa Kilwa inalipa mishahara kwenye hospitali ya kanisa. Mwaka huo huo, Desemba, Zanzibar ikajiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, moto ukawaka nchi nzima mpaka ikajitoa 1993. Makubaliano na maaskofu ni maendeleo, OIC ni kuvunja katiba? Huyo profesa ana jibu?

Mzee Kanisani

Ndugu yangu, mke wangu alijifungulia Bugando, hospitali ya kanisa kule Mwanza, na kitanda cha pili alikuwa mama wa Kiislamu kutoka Sengerema. Hospitali ya kanisa ikifungwa wanaoumia ni wote wawili. Ila swali lako la haki silikimbii. Mlango uliofunguliwa kwa mmoja ufunguliwe kwa wote.

Msomi wa Jioni

Abuu Swafiya hapa umegusa penyewe, na nadhani An-Na'im angekuwa upande wako kuliko unavyodhani. Yeye hasemi dola isiguse kabisa taasisi za dini. Kwenye kitabu chake cha 2008 ameichambua India, Uturuki na Indonesia, na Uturuki ameikosoa vikali kwa sababu dola ilijifanya haina dini huku ikiwaajiri maimamu na kuwavua wasichana hijabu vyuoni. Ufaransa na sheria yake ya 2004 ya kukataza hijabu shuleni ni jamaa wa karibu wa hiyo.

Kwa hiyo makubaliano ya 1992 swali lake lingekuwa: je, yana sababu anayoweza kuipima kila raia? Kuhudumia wagonjwa, ndiyo. Je, taasisi ya Kiislamu yenye hospitali inaweza kupata masharti yale yale? Kama haiwezi, hapo kuna ubaguzi na malalamiko yenu ni ya haki. Majengo ya Tanesco Morogoro yaliyotolewa wakati wa Rais Mkapa yakawa Chuo Kikuu cha Waislamu ni hatua, lakini kutoa zawadi na kuweka kanuni inayomhusu kila mtu ni vitu viwili.

Abuu Swafiya

Hapo kwenye zawadi na kanuni, naunga mkono hoja. Kwenye Taha, bado sijahama.

Wakili wa Kitaa

Niwape moja ya nyumbani, maana tunadhani mambo haya ni ya Sudan.

Kesi ya Dibagula. Mhubiri wa Kiislamu mkoani Morogoro alisema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Akashtakiwa kwa kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za wengine. Mahakama ya wilaya ikampa miezi 18. Mahakama Kuu ikapunguza adhabu akatoka, lakini hatia ikabaki. Ikaenda Mahakama ya Rufani, mbele ya Jaji Mkuu Samatta na wenzake, ikafutwa kabisa.

Alichokisema yule bwana ni imani ya kila Mwislamu duniani. Ukikifanya kosa la jinai, Mkristo anayehubiri kwamba Yesu ni Mungu naye umemuumiza Mwislamu, mtafungana wote. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inasema kutangaza dini ni jambo huru la hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Samatta hakuwa profesa wa Emory, lakini wawili hao wangekaa meza moja wakaelewana.

Mtoto wa Mvita

Na huku kwetu Isiolo, shule iliyofadhiliwa na kanisa la Methodisti iliwakataza wasichana hijabu. Mahakama ya Rufaa 2016 ikasema wavae. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua, na si kwa kulijibu swali. Ilisema ombi liliingizwa kwa njia isiyo sawa, asiyeridhika aanze upya. Miaka yote ile, watoto wameshamaliza shule.

Jogoo la Shamba

Na Shakahola kule Kenya je? Zaidi ya miili 400 ikafukuliwa, mchungaji anawaambia watu wafunge mpaka wafe. Hapo nako dola ikae pembeni iseme ni hiari ya mtu?

Wakili wa Kitaa

Hapana Jogoo. Kumwacha mtoto afe njaa ni kosa awe nani aliyeamuru, mchungaji, mganga au baba yake. Kwa hilo huhitaji kupima mahubiri kama ni ya kweli. Kinachonitia wasiwasi ni yanayofuata baada ya msiba kama ule: serikali zinataka kuamua nani amesoma theolojia vya kutosha. Rwanda 2018 ilifunga maelfu ya makanisa na kutunga sheria inayomtaka kiongozi wa dini awe na shahada. Msikiti au kanisa lisilo na choo lifungwe, sawa, hiyo ni afya. Lakini Petro alikuwa mvuvi.

Mzee Kanisani

Amina kwa hilo la mwisho. Na mimi cheti changu ni cha miaka miwili tu.

Mama Wawili

Samahanini wakubwa, mimi sijui mambo ya Sudan ila nimesoma uzi wote. Baba yangu amefariki mwezi uliopita Kondoa, alikuwa Mwislamu, mama mdogo, yaani mke wake, ni Mkristo hakubadili dini, ndugu wa baba wanasema kila kitu kinagawiwa kiislamu na mama mdogo hapati kitu. Hatuna Mahakama ya Kadhi huku Bara. Twende wapi?

Wakili wa Kitaa

Pole sana Mama Wawili. Nenda Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa akiishi marehemu, ufungue mirathi. Beba cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, makarani huuliza. Mahakama itatangaza, mwenye pingamizi ataleta, kisha itateua msimamizi.

Sheria ipi itatumika ndilo swali lenyewe. Hakimu ataangalia marehemu aliishi vipi: aliswali, alifunga ndoa ya aina gani, watoto aliwalea katika dini ipi, aliwahi kuonyesha nia gani kuhusu mali yake. Usikubali ndugu wakuamulie hilo sebuleni. Ndoa ya mama mdogo ilifungwa wapi?

Mama Wawili

Bomani, Dodoma. Cheti kipo.

Abuu Swafiya

Dada, kifiqhi, yaani kwa sheria ya Kiislamu, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, hilo sitakuficha. Lakini marehemu angeweza kumuusia mpaka theluthi ya mali yake, na mali aliyoichuma mama mdogo kwa jasho lake si mirathi, ni yake. Waulize ndugu kama kulikuwa na wosia, hata wa mdomo mbele ya mashahidi. Wasikimbilie kugawa.

Wakili wa Kitaa

Sheikh kasema vizuri. Mama Wawili, cheti hicho cha bomani kitoe nakala leo hii, na risiti zozote za kiwanja au mabati zenye jina la mama mdogo. Usimkabidhi shemeji yeyote hati halisi. Nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze namna ya kujaza fomu.

Mama Wawili

Asante. Hati ya kiwanja iko kwa baba mkubwa, kesho namfuata.